Sinagogi la University Way na Sisi wa Garissa

Wadau, leo wacha tuongee kuhusu jengo ambalo wengi wetu tumelipita mara mia na hatujawahi kusimama kuliangalia.

Ukishuka basi la Garissa pale Eastleigh, uchukue matatu ya kuingia tao, kisha utembee mpaka pale University Way inapokutana na Uhuru Highway, kwenye kona utaona ukuta, na nyuma ya ukuta miti mingi. Ndani ya hiyo miti kuna sinagogi, nyumba ya ibada ya Wayahudi. Magari yanapiga honi kwenye mzunguko, wanafunzi wanapita na mabegi yao, na karibu hakuna anayeinua kichwa.

Mimi nilipita hapo karibu kila siku nilipokuwa bado mwanafunzi Nairobi, kabla sijaacha chuo. Siku moja nikasimama. Mlinzi akaniangalia, nami nikamwangalia. Hakuniambia neno lolote baya, alikuwa kazini tu. Lakini ule mtazamo niliujua. Ni ule unaoangaliwa nao ukiwa kwenye basi, mmefika kizuizi, na mnaambiwa mtoe vitambulisho. Wewe ni nani, umetoka wapi, hapa unatafuta nini. Nikaondoka na swali moja kichwani: hawa watu walipitia nini mpaka nyumba ya kuomba Mungu ikahitaji mlinzi?

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma. Nilianza na Wayahudi wa Nairobi, nikajikuta nimerudi Garissa. Nitaeleza vile nilifika huko.

Hadithi inaanzia kwenye treni. Desemba 1902, Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, alisafiri na reli kutoka Mombasa kwenda bara. Akaangalia dirishani, akaona nyanda za juu zenye baridi nzuri, akaona ni nchi ya kupewa watu. Aprili 1903, mji wa Kishinev ambao wakati huo ulikuwa ndani ya Urusi, Wayahudi walivamiwa na majirani zao, wakauawa na nyumba zao zikavunjwa. Mwaka huo huo Uingereza ikamwambia Theodor Herzl, kiongozi wa harakati ya Wazayuni, kwamba watu wake wanaweza kupewa ardhi Afrika Mashariki.

Vitabu vingi huuita Mpango wa Uganda. Lakini ardhi yenyewe ilikuwa Uasin Gishu, huku kwetu Kenya. Sehemu hiyo ilikuwa imetolewa Uganda na kuwekwa chini ya utawala wa Afrika Mashariki ya Waingereza mwaka 1902, na jina la zamani likabaki midomoni mwa watu. Ilikuwa kama kilomita za mraba 13,000. Kwa hesabu ya huku nyumbani, hiyo haifiki theluthi moja ya kaunti ya Garissa.

Agosti 1903 wajumbe wakakutana Basel, Uswisi, wakabishana mpaka watu wakalia. Kura 295 zikasema watumwe watu waende waone, kura 178 zikakataa. Mapema 1905 wakaja wachunguzi watatu: Gibbons, Kaiser na Wilbusch. Walirudi na taarifa ambayo haikumpendeza mtu, na mkutano wa 1905 ukaufunga mpango. Walowezi Wazungu wa hapa nao walikuwa wamepiga kelele tangu mwanzo, Lord Delamere mbele yao, kwamba hawataki Wayahudi kwenye nyanda hizo.

Sasa angalia nani hakuulizwa. Mnandi hakuulizwa, Mmaasai hakuulizwa. Mwaka 1904 Wamaasai walikuwa wanahamishwa kutoka Bonde la Ufa kwa mkataba, na Oktoba 1905 Koitalel arap Samoei wa Wanandi akauawa. Ardhi ya mtu ilikuwa inagawanywa mezani Ulaya na mwenyewe hajui hata kuna meza. Hilo nalisema mapema, kwa sababu historia ya sinagogi hili haina malaika. Kuna watu waliokimbia kuonewa, wakafika mahali ambapo wengine walikuwa wanaonewa.

Mpango ulikufa, lakini wachache walikuwa wameshakuja. Mmoja ni Abraham Block, mzaliwa wa Lithuania aliyepitia Afrika Kusini na kufika hapa 1903. Hakuwa tajiri. Kati ya kazi alizofanya ni kushona magodoro yaliyojazwa nyasi kavu na kuyauza. Miaka ikapita, na mwaka 1927 huyo muuza magodoro akainunua hoteli ya Norfolk. Shikeni hilo jina, Norfolk, tutarudi kwake.

Hao wachache walianzisha jumuiya yao ya ibada Nairobi mwaka 1904, wakati mji wenyewe ulikuwa mabati na matope. Mwaka 1912 gavana Percy Girouard akawawekea jiwe la msingi, na 1913 wakafungua sinagogi lao la kwanza. Ili upate picha, msikiti wa Jamia tunaoujua leo ulikamilika 1933, miaka 20 baadaye. Hata jina Kenya lilikuwa bado halijawa jina la koloni.

Jengo unaloliona leo si lile la kwanza. Hili lilijengwa 1954 na 1955, jumuiya ilipokua. Ni jengo la mawe, lenye madirisha ya vioo vya rangi, na limewekwa ndani kabisa ya bustani. Mnara hakuna, kengele hakuna. Ukitarajia kuona kitu kikubwa cha kutisha utaboeka. Na hapo ndipo mimi nilianza kupendezwa, kwa sababu nilipoanza kusoma sinagogi hupangwaje kwa ndani, nikaona naisoma nyumba ninayoijua.

Sinagogi halina sanamu wala picha za watu. Mbele kuna kabati takatifu linalohifadhi magombo ya Taurati, yaliyoandikwa kwa mkono kwenye ngozi, na juu yake kuna taa isiyozimwa. Kuna jukwaa la kusomea, maana kitabu kinasomwa kwa sauti na watu wanasikiliza. Katika masinagogi yanayofuata mapokeo ya zamani, kama hili la Nairobi, wanawake na wanaume hawakai pamoja. Na ili sala kamili ya jamaa isaliwe, lazima wapatikane wanaume kumi waliobaleghe. Tisa hawatoshi. Jengo likiwa zuri namna gani, bila kumi ni nyumba tu.

Halafu kuna upande. Kabati la Taurati huwekwa upande wa Yerusalemu, na watu wanasali wakielekea huko. Chukua ramani. Yerusalemu kutoka Nairobi iko kaskazini, imeenda magharibi kidogo sana. Sasa weka kidole Garissa na utafute Makka. Garissa na Makka ziko karibu kwenye mstari mmoja wa kutoka kusini kwenda kaskazini. Ndiyo maana sisi hapa tukisali tunaangalia kaskazini moja kwa moja, na mzee yeyote wa hapa anajua hilo bila simu. Ukisimama Nairobi, tofauti kati ya upande wa Makka na upande wa Yerusalemu ni ndogo: nyoosha mkono mbele yako, ukunje ngumi, tofauti yenyewe ni kama upana wa hiyo ngumi.

Na kila mtoto wa duksi anajua kwamba Waislamu wa kwanza walisali wakielekea Yerusalemu, mpaka kibla kikageuzwa kuelekea Al-Kaaba wakiwa Madina. Sisemi dini ni moja. Si moja, na mimi najua niko wapi. Nasema tu kwamba huyu mtu wa nyuma ya ukuta, akisimama mbele ya Mungu wake, anaangalia karibu pale pale ninapoangalia mimi.

Turudi kwenye historia, maana hapa ndipo inaanza kuuma.

Miaka ya 1930, Wayahudi wa Ujerumani wakaanza kumkimbia Hitler, na mamia wakafika Kenya. Wengine walikuwa mawakili na madaktari huko kwao, hapa wakawa wasimamizi wa mashamba ya watu. Vita vikaanza Septemba 1939, na serikali ya koloni ikaangalia pasipoti zao. Zimeandikwa Ujerumani. Ikasema basi hawa ni maadui. Wanaume wakapelekwa kambini, wanawake na watoto wakawekwa chini ya ulinzi kwenye hoteli, ikiwemo Norfolk ya Block. Fikiria: umemkimbia mtu anayetaka kukuua kwa sababu wewe ni Myahudi, unafika Nairobi unafungwa kwa sababu karatasi yako inasema wewe ni wake. Stefanie Zweig, aliyelelewa huku akiwa mtoto wa wakimbizi hao, aliyaandika maisha hayo kwenye riwaya, na filamu iliyotokana nayo ikashinda Oscar mwaka 2003.

Wengi wao waliachiliwa baadaye. Lakini mtu wa Kaskazini Mashariki akisoma hapo hawezi kupita haraka. Miaka mitano tu kabla ya hapo, mwaka 1934, serikali hiyo hiyo ya koloni ilikuwa imetunga sheria ya wilaya maalum kwa ajili ya huku kwetu. Sheria hiyo iliruhusu kabila zima kutajwa kuwa adui. Mmoja wenu akikosa, mkuu wa mkoa ana uwezo wa kukamata watu wengine wa kabila hilo na kuchukua mifugo yao. Ngamia hakuua mtu, mwenye ngamia hakuua mtu, lakini ngamia anaenda.

Ndio maana nasema hii historia ilinirudisha nyumbani. Kitu ni kile kile: mtu anaulizwa yeye ni wa nani, na jibu likishapatikana hakuna anayejali tena alichofanya.

Sasa tuwe wakweli pande zote. Lile jengo jipya la sinagogi lilipokuwa linajengwa, Kenya ilikuwa kwenye hali ya hatari. Aprili 1954 jeshi la Waingereza liliuzingira mji wa Nairobi, likakusanya makumi ya maelfu ya watu, wengi Wakikuyu, wakapitishwa mbele ya msaliti aliyefunikwa gunia kichwani. Akitikisa kichwa, umeenda. Hayo yalitokea katika mji huo huo, mwaka huo huo ambao mawe ya University Way yalikuwa yanapangwa. Kwenye daftari la mkoloni Myahudi alihesabiwa Mzungu, na alipata nafasi za Mzungu. Israel Somen, mtu wa jumuiya hiyo, alikuwa meya wa Nairobi kuanzia 1955 hadi 1957. Kwa hiyo watu wale wale waliofungwa 1939 kwa sababu ya karatasi, miaka 15 baadaye walikuwa upande wa juu wa mji ambao mwenzao Mwafrika alikuwa anatembea na kipande. Hata Wasomali wa Nairobi walikuwa kwenye mchezo huo wa daftari: tangu sheria ya 1919 walipigania wasihesabiwe pamoja na Waafrika wengine. Kila mtu alikuwa anajaribu kupanda ngazi moja, na ngazi yenyewe haikuwa ya mtu yeyote kati yao.

Kisha ukaja mwaka 1980.

Novemba mwaka huo, maafisa wa serikali walipigwa risasi hapa Garissa mjini. Aliyefyatua alikuwa mtu mwenye jina na sura. Lakini kilichofuata ni kwamba mtaa wa Bulla Karatasi ulichomwa. Watu walitolewa majumbani, wakakusanywa uwanjani wakawekwa hapo juani, wengine waliuawa. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyatoa haya kwenye ripoti yake ya 2013. Mimi sikuwa nimezaliwa. Nimeyasikia kwa ayeeyo kabla sijayasoma popote, na yeye huwa anasimulia akiangalia pembeni.

Wiki chache baadaye, usiku wa kuamkia mwaka mpya, tarehe 31 Desemba 1980, bomu likalipuka Norfolk. Hoteli ilikuwa bado ya familia ya Block. Walikufa watu karibu 20, na wengi zaidi wakaumia. Inaaminika kwamba lilikuwa jibu kwa Julai 1976, Kenya ilipoziruhusu ndege za Israel kutia mafuta Nairobi zikitoka Entebbe kuokoa mateka. Wahudumu na wageni waliokuwa mezani usiku ule hawakutia ndege yoyote mafuta.

Bulla Karatasi na Norfolk, mwaka mmoja, hazikupangwa na watu wale wale wala hazina uzito mmoja. Lakini wazo nyuma yake ni moja: kama siwezi kumpata aliyekosa, au hata kama naweza, nitampiga wa kwao. Nadhani tukielewa hilo, tumeelewa ule ukuta wa University Way. Umejengwa na watu waliojifunza kwamba siku yoyote wanaweza kuitwa kulipa deni la mtu mwingine.

Na sisi tuna kuta zetu, ila zetu tumejengewa. Mwaka 1989 Wasomali wa Kenya waliitwa wathibitishe uraia wao, wakapewa kadi za pinki ambazo Mkenya mwingine hakuhitaji. Aprili 2014 watu walikusanywa Eastleigh wakajazwa kwenye uwanja wa Kasarani. Kwa miaka na miaka kijana wa kaunti za mpakani akitaka kitambulisho alikalishwa mbele ya kamati aulizwe babu yake ni nani, mpaka Februari 2025 Rais alipotangaza akiwa Wajir kwamba msasa huo wa ziada umeisha. Mtu akikwambia hizo ni karatasi tu, mwambie aulize Wayahudi wa 1939.

Najua tayari kuna mtu anataka kuniuliza: wewe mtoto wa Garissa, na yote yanayofanyika Gaza, umekosa cha kuandika? Swali ni la haki na nitalijibu. Yanayowapata watu wa Gaza yananiuma, nimeyasema hadharani na nitaendelea kuyasema. Lakini serikali ni serikali, jeshi ni jeshi, na mzee anayeingia sinagogi Jumamosi asubuhi Nairobi akihesabu kama wamefika kumi ni mtu mwingine. Siwezi kulia kwamba mimi nilihukumiwa kwa sababu ya Al-Shabaab, kundi ambalo limetuua sisi wenyewe, halafu nigeuke nimhukumu mtu wa kona ya University Way kwa sababu ya jeshi ambalo hayumo. Kama hoja yangu ni ya kweli, lazima isimame hata ikiwa inamlinda mtu ambaye si wangu. Ikisimama kwangu peke yangu, hiyo si hoja, ni kujitetea tu.

Na hili si jambo geni huku kwetu. Julai 2012 makanisa mawili ya Garissa yalishambuliwa siku ya Jumapili, na zaidi ya watu kumi na tano wakauawa wakiwa ibadani. Viongozi wa Kiislamu walitoka wakasema vijana wetu watasaidia kulinda makanisa. Desemba 2015, kule Mandera, basi likasimamishwa na washambuliaji wakataka abiria wagawanyike, Waislamu huku na Wakristo kule. Waislamu wakakataa. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku hiyo na akafariki Januari 2016. Hao watu hawakusoma insha yoyote kuhusu adhabu ya pamoja. Walijua tu kwamba ukikubali mstari uchorwe ndani ya basi, hakuna atakayebaki salama upande wowote.

Leo Wayahudi wa Kenya ni mia chache tu, na idadi hiyo ni ya nchi nzima. Familia nyingi ziliondoka miaka ya kuelekea uhuru na baada yake. Lakini wamejiandika. Julius Carlebach, aliyekuwa rabi wao hapa, alitoa kitabu cha historia yao mwaka 1962. Miaka 100 ya jumuiya ilipotimia 2004, Cynthia Salvadori akawaandalia kingine. Na ajabu ni kwamba Salvadori huyo huyo ndiye aliyekuwa amekusanya ushahidi wa watu wa Marsabit na Moyale kuhusu mateso waliyoyapata mikononi mwa serikali. Mama mmoja aliweza kuwasikiliza watu wote wawili, wa University Way na wa kaskazini, na kalamu yake haikuvunjika.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Ukiwa Nairobi, ukifika ile kona, inua kichwa. Ukirudi Garissa, keti na mzee wa kwenu umuulize: msikiti wa kwanza wa mtaa wetu ulijengwa mwaka gani, nani alileta mawe, Bulla Karatasi nyumba yenu ilikuwa wapi kabla ya moto? Rekodi kwa simu, andika tarehe. Jumuiya ya watu mia chache inajua mwaka jiwe lake la kwanza lilipowekwa. Sisi ni wengi, na mawe yetu bado yako vichwani mwa wazee wanaozidi kupungua.

Mimi nimeanza na ayeeyo. Jana alinionyesha kwa kidole mlango wao ulipokuwa. Ulikuwa unaangalia kaskazini.